Mtani wa Baba na Mpelelezi Asiyekimbia

Swali lililoninyima usingizi tangu baba afariki halikuwa kubwa, ila halikuisha. Yule mzee niliyemfokea msibani, watu wote wakiwa wamekaa kwenye majamvi wanatazama, alikuwa anamdhihaki baba au alikuwa anamlilia? Nikilalia ubavu wa kulia nilijiambia nilikuwa na haki, mimi ni binti niliyemtetea baba yangu. Nikigeukia wa kushoto niliuona uso wa yule mzee akivua koti. Nina shahada ya takwimu. Nimefundishwa kwamba swali lisilo na data ya kutosha linaachwa wazi, lakini kuacha kitu wazi ni jambo ambalo sijawahi kuliweza.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Alipostaafu alirudi kwao Kwaluguru, akalima mahindi na kupanda michungwa. Kusoma alisoma aina moja tu ya vitabu: hadithi za mpelelezi mmoja wa zamani, zilizoandikwa kabla mimi sijazaliwa na mtu ambaye naye alishafariki siku nyingi. Mpelelezi huyo alikuwa mfupi, mzito, na hakupenda kukimbia. Wezi walikimbia, polisi walikimbia, yeye aliomba kiti. Kisha aliwauliza watu mmoja mmoja walikula nini siku ya tukio, na polepole, kwa habari za ugali na mboga, mwongo alijulikana.

"Mtu anaweza kukudanganya alikuwa wapi," baba alikuwa akisema, "lakini akidanganya alichokula, tumbo litamsuta."

Vitabu hivyo havikuwa vyake peke yake. Alivinunua kwa ubia na rafiki yake, mzee wa Dindira, ambaye zamani alikuwa akishusha kabichi na viazi kuwauzia wafanyakazi wa mkonge. Nusu ya vitabu ilikaa kwetu, nusu mlimani, na siku za gulio pale Korogwe walibadilishana. Mzee yule ni Msambaa na sisi ni Wazigua, kwa hiyo walikuwa watani, na sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kama watu wengine.

"We mtu wa mlimani, umeshuka bila blanketi leo? Jua la huku litakuyeyusha."

"Nimeshuka kuwaletea chakula. Nasikia mmebaki mnatafuna kivuli cha mchungwa."

"Kitabu changu kiko wapi?"

"Kipo. Nimekifunga gazeti tatu kisije kikashika harufu ya Kizigua."

Mara moja moja mzee alikuja mpaka nyumbani na kulala siku mbili. Jumapili alasiri baba alikaa kibarazani na kusoma kwa sauti, mama akichambua mboga, mimi nikiwa miguuni pake. Kabla ya sura ya mwisho alifunga kitabu. Kila mtu alitakiwa kuandika jina la anayemshuku kwenye kikaratasi na kukitia kwenye kikombe cha bati. Tukinywa kahawa, baba alimalizia kusoma, kisha vikaratasi vilifunguliwa. Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mzee wa Dindira hakuwahi kuhangaika. Kila kitabu, kila mwaka, muuaji wake alikuwa yule yule: baba yangu.

Nilipokuwa chuo, familia ya yule mwandishi wa zamani ilimruhusu mwandishi mwingine, kijana, aendeleze visa vya mpelelezi. Vitabu vipya vitatu vikatoka kimoja baada ya kingine, vyenye majalada ya kung'aa. Mzee wa Dindira alinunua cha kwanza na kukishusha Kwaluguru kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nilikuwa likizo, kwa hiyo ugomvi ule niliusikia wote.

"Huyu si yeye," baba alisema. "Ni mtu kavalishwa nguo zake."

"Umesoma?"

"Sijasoma na sitasoma."

"Sasa umejuaje?"

"Nimefungua katikati. Anakimbia! Mzee mzima anakimbizana na pikipiki, ukurasa mzima!"

"Dunia imebadilika, we Mzigua. Hata wewe ukifukuzwa na nyuki utakimbia."

"Mwenye mpelelezi amekufa. Mtu akifa, aachwe afe."

Mzee alicheka sana, akakirudisha kitabu kwenye mfuko. Vilipotoka cha pili na cha tatu walibishana hivyo hivyo, mwisho wakawa wanabishana kwenye simu, baba akizunguka michungwani kutafuta mtandao huku anapiga kelele. Mimi vyote vitatu nilikuwa nimeshavisoma hosteli, na nilivipenda. Sikumwambia baba. Niliogopa ataona nimehamia upande wa pili, na nikaogopa pia kwamba nikimwambia kwa kuchelewa atauliza kwa nini nilificha. Basi nikanyamaza.

Nilipohitimu nilikaa kwa shangazi Kilole, maana pale Korogwe angalau mtandao wa kutuma maombi ya kazi haukatiki ovyo. Alhamisi moja baba alinipigia. Alisema kifua kinambana kidogo. Jumatatu nilikuwa na usaili, wa kwanza tangu nihitimu. Nilimwambia anywe maji ya uvuguvugu, apumzike, Jumanne nitakuja tumpeleke hospitali. "Sawa, mwanangu," alisema. "Usaili kwanza." Jumamosi asubuhi shangazi alipokea simu, akakaa chini sakafuni na simu mkononi, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

Maneno ya ile Alhamisi sikumwambia mtu yeyote.

Tulimzika siku ile ile, alasiri. Siku ya pili ya matanga, mzee wa Dindira akafika. Wanawake tulikuwa upande wa jikoni, wanaume kwenye majamvi mbele ya nyumba. Nilisikia kicheko kwanza. Nikadhani masikio yangu yameharibika kwa kulia. Nikachungulia.

Mzee alikuwa amevaa koti la kijivu la baba, lile alilovaa miaka yote mizanini. Miwani ya baba ilikuwa kwenye ncha ya pua yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, kitabu mapajani, anailamba ncha ya kidole na kufunua ukurasa kwa madaha, vile vile, mpaka kiganja kinavyopinda. Kwa sekunde moja mwili wangu ulifurahi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuweza kujisamehe: kwamba nilifurahi.

"Mwizi yumo humu humu," mzee alisema kwa sauti ya baba. "Hakuna kutoka. Wewe shehe, hicho ni kikombe cha ngapi? Ulikula nini jana?"

Shehe alijifanya hasikii, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mjomba wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazikoni, alijifuta macho kwa kanzu huku anacheka.

"Haya," mzee akasema, akafunga kitabu. "Sura ya mwisho bado. Mimi nimekufa, na mtu amesababisha. Nani kaniua? Kila mtu aandike jina."

Akaanza kugawa vikaratasi.

Sikumbuki kutoka jikoni. Nakumbuka niko katikati ya wanaume, kanga imenianguka kichwani, na kikaratasi kimoja kiko mkononi mwake kinanielekea, kwa sababu alipoinua macho alinikuta mimi mbele yake. Nilidhani anajua. Nilidhani baba alimwambia, na sasa ananitaja mbele ya watu.

"Umelewa?" nilimuuliza. "Mzee mzima huna haya? Baba alisema mtu akifa aachwe afe. Alikwambia wewe, kwa mdomo wake. Vua koti lake! Vua!"

Kwetu mtani msibani hafokewi. Ukimchoka unamtupia chochote, hata gunzi la muhindi, naye anapokea, anaondoka na tusi lake la mwisho, watu wanacheka, imekwisha. Mtoto mdogo wa Kwaluguru anajua hivyo. Mimi pia nilijua, kama mtu anavyojua kitu alichokisikia tu. Miaka niliyokuwa shule za bweni na chuo misiba mingi ilinipita.

Mzee alivua miwani kwanza, kisha koti. Alilikunja, mikono ndani, kama dukani, akampa mjomba. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likitokea na hapakuwa na aliyejua linatatuliwaje. Alishika njia ya kwenda barabarani. Chakula cha msiba hakukigusa.

Wiki zikapita. Usaili sikwenda. Nilibaki Kwaluguru na mama, aliyekuwa eda. Nilikuwa naandika ujumbe wa simu kwa mzee, nausoma, naona neno "samahani" limekaa mwanzoni mno na linaonekana jepesi. Nalihamishia mwishoni, linaonekana kama limesahauliwa. Nafuta. Nilipiga mara mbili, simu ikaita mpaka ikakata, na nikatumia siku nzima kuamua kama alikuwa shambani au ameona ni mimi. Wakati huo huo nilikuwa na utetezi wangu. Baba mwenyewe ndiye aliyesema. Alikataa mpelelezi wake avalishwe na mtu mwingine. Angekubalije avalishwe yeye? Utetezi huo ulisimama vizuri mchana. Kila nilipolala ulianguka.

Mwishowe nilimweleza mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, anasuka kawa la kufunikia chakula. Alisikiliza utetezi wote bila kuinua kichwa.

"Mke wa yule mzee alipofariki," akasema, "wewe ulikuwa wapi?"

"Chuo. Tulikuwa na mitihani."

"Baba yako alipanda Dindira. Nilikuwa naye. Yule mzee alikuwa hajala siku mbili, haongei, anatazama ukuta tu. Baba yako akaingia ndani, akavaa kitenge cha marehemu, akajifunga kilemba, akachukua ungo, akaenda kukaa katikati ya wanaume anapepeta maharage. Anamgombeza mgane: 'We mzee, viatu vyako mlangoni tena? Nife mara ngapi ndiyo uvitoe?'"

Mama alitabasamu kidogo, mkono ukasimama.

"Yule mzee alicheka, akacheka mpaka kikawa kilio. Halafu akaomba ugali. Alikuja kuulipa utani ule, mwanangu."

"Lakini baba alisema mtu akifa..."

"Hiyo ilikuwa ya vitabu. Wewe umechukua maneno ya vitabu ukampigia mtu."

Nilitoka nikakaa kibarazani. Nilitegemea jibu likipatikana nitapumzika, kumbe sasa lilikuja swali jingine zito zaidi: nitamwangaliaje? Nilipanga kwenda Jumatatu, nikaahirisha. Alhamisi nikaahirisha tena. Nilichuma machungwa ya baba kumpelekea, nikafikiri yataonekana kama hongo, nikayarudisha jikoni, nikafikiri kwenda mikono mitupu ni dharau zaidi. Koti nalo nililitoa, nikalirudisha kwenye msumari. Mama akasikia hatua zangu kutoka chumbani. "Mimi eda imenifunga," aliita. "Wewe umefungwa na nini?"

Nikaondoka na machungwa.

Kutoka Korogwe nilipanda mlimani kwa bodaboda. Baridi ilianza kabla ya mashamba ya chai, nami sikuwa nimebeba sweta, na nikasikia kichwani tusi ambalo baba angelisema. Mzee nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia kabichi. Alikuwa amepungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, akaegemeza jembe. "Umekuja na baridi yote hii bila sweta. Nyie watu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Kwaluguru. Yote yalikimbia. Nikapiga magoti pale pale kwenye udongo, nikasema nimekosa, sikujua, na hata nilichojua sikukijua vizuri. Akaniambia niinuke, nisimvunjie kabichi.

Alinipeleka ndani, akanipa chai. Tulikaa. Kisha nikamweleza ile Alhamisi. Kifua. Maji ya uvuguvugu. Jumanne. "Uliposema nani kaniua, nilidhani unanitaja mimi," nikasema.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Na mimi alinipigia," akasema. "Ijumaa. Akasema kifua. Nikamwambia huo ni uzee, Mzigua, jizoeze. Halafu nikamwambia kitabu cha nne kimetoka, nimekipata. Tukabishana karibu nusu saa. Anapumua vibaya, mimi namchokoza. Nilimsikia anapumua vibaya."

Nje kuku walikuwa wanaparua majani.

"Pale msibani," akaendelea, "nilikuwa nimepanga. Watu wangeandika majina, mimi ningefungua vikaratasi mbele yao. Chochote walichoandika, mimi ningesoma jina langu. Cha kwanza, mimi. Cha pili, mimi. Ningesema, huyu Mzigua kauawa na Msambaa kwa vitabu vyake vibovu. Amesikia cha nne kimetoka, akaona bora afe kuliko kukisoma. Watu wangecheka. Wangenifukuza na magunzi."

"Na wewe?"

"Mimi ningekuwa nimesema." Alitazama mikono yake. "Mtu wa umri wangu angelisema wapi jambo kama hilo? Pale tu. Hukuniacha nimalize."

Nililia. Hakunibembeleza, na nilishukuru. Nilipoweza kuongea nilimwomba ashuke kwenye arobaini ya baba, avae koti, amalizie. Mimi mwenyewe ningemkabidhi miwani. Alitikisa kichwa. Kitu hicho ni cha matangani, alisema, na matanga yalishavunjwa. Tena si kwamba anakataa. "Siku ile alikuwa hapa," akagusa koo lake. "Nimejaribu nikiwa shambani, peke yangu. Hatoki. Namsikia lakini hatoki."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichovunja, na kwamba hakiungiki. Ile sura ya mwisho haitasomwa, na waliokuwa pale wataendelea kumkumbuka baba wakianzia kwenye kelele zangu.

Kitabu cha nne kilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma. Hakikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Hujakisoma?"

"Nilianza. Ukurasa wa tatu mpelelezi anaagiza chakula kwa simu, eti aletewe ofisini. Nikacheka, nikanyanyua simu." Alikisogeza kitabu kando. "Vitabu hivi navipenda, lakini nilikuwa navisoma ili nimpigie. Sasa nani atanibishia?"

Nililifikiria swali hilo kwa muda mfupi kuliko nilivyowahi kufikiria jambo lolote. Mimi si mtani wa rika lake. Mtoto wa kike hamwigi baba yake mbele ya mzee, na kama yupo anayefanya hivyo mimi sijamwona. Tena vitabu vyenyewe navipenda, kwa hiyo hata ubishi wangu ungekuwa wa uongo. Sababu zote hizo zilikuja kwa mpangilio, nikaziona, nikainuka. Niliweka mikono nyuma ya mgongo na kutoa tumbo mbele.

"Haya soma, we mtu wa mlimani," nikasema kwa sauti nzito iliyonikwaruza koo. "Soma tuone wamemharibia wapi."

Haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa sauti ya msichana mwenye mafua. Mzee alinitazama, midomo ikacheza, nikadhani nimemwumiza mara ya pili, na miguu yangu ikaanza kuelekea mlangoni.

"Hapana," akasema. "Sivyo. Alikuwa anakohoa kwanza. Anakohoa, anatema dirishani, ndiyo anatukana."

Nikakohoa.

"Zaidi. Kama trekta la mkonge."

Nikakohoa tena, nikaenda dirishani, nikatema kwenye kabichi zake. Mzee alivaa miwani yake, akavuta kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, na machozi yakiwa yanamtiririka akaanza kusoma.